Mtani Aliyeondoka na Sekunde

Nyanjige, fundi cherehani wa hapa Bariadi, alikuwa na juma moja la kumtafutia mbwa wake makazi. Binti yake Anna amejifungua huko Mwanza na anamhitaji mama. Anna anaishi ghorofani, na mwenye ghorofa hataki mbwa.

Mbwa mwenyewe aliitwa Sekunde, kwa sababu hapakuwa na mahali alipotulia zaidi ya hiyo. Alikuwa na umri wa miezi minne, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mwezi uliopita alikokota gauni la harusi hadi barabarani, na bibi harusi alikuwa ameshaingiza mkono mmoja.

Nyanjige alikuwa na sharti moja tu, kwamba asifungwe mnyororo. Aliwahi kushona karibu na ghala moja lenye mbwa aliyefungwa, akamsikia akibweka mpaka sauti ikakauka. Kuna sauti ambazo mtu akishazisikia haachani nazo.

Wa kwanza kumtaka alikuwa Athumani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, aliyehitaji mlinzi wa saruji yake. Alipoketi, kitu kikalia mfukoni mwake, chuma kwa chuma. Nyanjige akamwambia kwa heshima kwamba mbwa ameshapata mtu.

Kisha akamkumbuka mpwa wake Jilala, mfugaji wa Shishiyu. Majirani wote tulisema hapo ndipo penyewe, kwenye ng'ombe na uwanda. Sekunde akapelekwa kwa bodaboda asubuhi, na jioni akarudi kwa bodaboda ileile, ndani ya kikapu. Jilala alieleza kwa simu kwamba mbwa wa machungani hufuata ng'ombe, lakini huyu alitaka ng'ombe wamfuate yeye. Dume mmoja alikubali. Walikwenda kukutwa katikati ya pamba ya mwenyekiti wa kitongoji.

Muda wote huo Cyprian alikuwa akimwomba. Cyprian ni bwana shamba, Mgogo wa Dodoma, kwa hiyo ni mtani wa Wasukuma wote, na kwa Nyanjige alizidisha. Kila asubuhi alisimama barazani pake na kumwamkia Kisukuma, kama mwana kwa mama.

"Mwangaluka, mayu. Nenda zako Mwanza na michembe yako ya viazi vikavu, mbwa niachie mimi."

"Nikuachie umlishe mlenda? Si bora nimtupe mtoni."

Baraza zima lilicheka. Kesho yake akaomba tena, tukacheka tena. Tangu ahamishiwe hapa hatujamsikia akisema jambo likachukuliwa kuwa jambo. Hata alipolazwa kwa malaria, watani wake walikwenda wodini kumuuliza viatu vyake anamrithisha nani. Nadhani huo nao ni upweke wa aina yake, ingawa una kelele nyingi.

Ijumaa alasiri, Nyanjige alirudi kutoka sokoni akakuta ua uko kimya. Majirani tukamweleza kwamba mtani wake amempitia Sekunde asubuhi, kweupe, huku akitupungia mkono. Akaenda moja kwa moja kwa mtendaji wa mtaa kushtaki wizi. Mtendaji alicheka hadi akavua miwani.

"Mayu, mtani akichukua, mimi naandika kesi gani hapo?"

Akafululiza hadi kwa Cyprian, futi la kupimia bado linaning'inia shingoni. Sekunde alikuwa amelala ubavu mlangoni, ulimi umetoka nje, miguu imenyooka. Nyanjige alipiga magoti palepale, akijua amechelewa. Akamwekea mkono tumboni. Tumbo lilipanda, likashuka. Mbwa alikuwa anakoroma.

Hakuwahi kumwona amelala mchana.

Cyprian alikuwa ameketi kibarazani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Alisema pikipiki ya ofisi haina mafuta tangu mavuno, hivyo mashamba anayakagua kwa miguu, kijiji hadi kijiji. Asubuhi mbwa alikuwa mbele yake. Mchana wakawa sambamba. Kurudi, ilibidi ambebe.

Nyanjige aliinuka. Alitazama nyuma ya mlango, akaingia ndani akatazama chini ya kitanda, akazunguka nyumba akakagua kila nguzo. Hakukuwa na mnyororo, wala kamba. Cyprian alimwacha apekue.

"Usimfunge," alisema Nyanjige aliporudi.

"Simfungi, mayu."

Hawakuwahi kuzungumza hivyo, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Sekunde alifumbua jicho moja, akamtambua mama yake, akapiga mkia chini mara mbili, kisha akalifumba. Nyanjige alimtazama kwa muda. Halafu akageuka, akamkwapua jogoo aliyekuwa akidonoa kando ya beseni, akambana kwapani.

"Huyu ni supu ya mzazi," akasema, akaelekea barabarani.

Cyprian alimfuata pekupeku, maji yakimchuruzika miguuni, akilalamika kwamba jogoo yule ni wa mwenye nyumba. Nyanjige hakugeuka.