Mzigo Uliopitiliza Nakuru

Nyumba isiyo na vitu hurudisha kila sauti. Nerima akikohoa sebuleni, chumba cha kulala nacho kilikohoa, na siku alipoangusha sufuria aliyoazimwa na jirani alisimama kimya mpaka kuta ziliponyamaza. Alikuwa ametangulia kwa basi ili afagie na kuosha madirisha, lori likija likute pako tayari. Madirisha yalishaoshwa, yakaingia vumbi, yakaoshwa tena. Lori halikuja.

Alikuwa anahama kutoka Voi, alikofundisha shule ya msingi hadi akastaafu. Dalali wa malori alimtafutia nafasi katika lori la kwenda Kitale, vitu vyake vikapangwa nyuma ya mizigo ya watu wengine: kitanda, kabati, viti, meko ya gesi, vitabu. "Litakushushia Nakuru likipita," dalali alisema. Siku gani? "Siku mbili hivi, Mwalimu. Tatu. Inategemea barabara."

Kwanza lori lilikuwa Emali likibadilishwa gurudumu. Halafu likawa Mlolongo, linangoja zamu ya kupimwa kwenye mizani. Halafu likawa halipo mahali popote, kwa maana simu ya dereva ilizimwa na ya dalali ikawa inaita tu. Jioni Nerima alikaa mlangoni hapo mtaa wa Section 58, Nakuru, akisikiliza barabara kuu. Kila lori lililopunguza mwendo lilimwinua kutoka kwenye kigoda, na kigoda chenyewe kilikuwa cha Wangui, jirani wa nyumba ya pili, aliyemwazima pia sufuria, jiko na godoro.

"Mwalimu," Wangui alimwita kutoka upande wake wa ua, "hilo lori linakuja kwa magoti?"

"Linakuja tu."

"Mimi naona dereva ameoa njiani. Hao huoa."

"Basi bibi harusi analala kwa kitanda changu."

Wangui alicheka mpaka akashika ukuta. Nerima alicheka pia, lakini si kitanda alichokuwa akiwaza. Angeambiwa kitanda kimeungua, angesema Mungu ni mwema, akaenda kwa maseremala kuagiza kingine. Kulikuwa na kitu kimoja tu katika lori lile ambacho hakuna fundi angeweza kumtengenezea: koti la Nicodemus.

Lilikuwa koti zito, la rangi ya majivu, ambalo mumewe alilinunua hapa Nakuru walipokuwa vijana, kabla serikali haijawapeleka wote wawili kufundisha Voi. Joto la Voi lilicheka koti kama lile. Hata hivyo Nicodemus alikataa kulitoa. Lilining'inia kabatini miaka nenda miaka rudi, na kila mkewe alipotaka kumpa mtu, alisema, "Liache. Tutalihitaji tukirudi Nakuru." Hakurudi Nakuru. Alifia Voi, akapitishwa Nakuru ndani ya jeneza alfajiri moja yenye ukungu, akaenda kuzikwa Kimilili, kwenye shamba la baba yake.

Huko kwao, matanga yakiisha, nguo za marehemu hugawiwa ndugu. Nerima alizitoa zote, mashati, suruali, hata viatu. Wazee walipouliza kama kuna nyingine iliyobaki Voi, alisema hakuna. Aliporudi Voi alilitia koti ndani ya mfuko wa plastiki, akalifunga vizuri harufu isitoke. Mara chache alifungua kidogo, akaingiza uso, akafunga. Alilitaka hapa sasa. Alitaka baridi ya Nakuru iliguse, hata kama aliyelinunulia baridi hiyo hayupo.

Jioni moja, giza linaingia, simu ikalia kwa namba ngeni.

"Sasa mathe. Mimi naitwa Kipkemoi, ndio niko na lori. Yule wa kwanza aliumwa akabaki Nairobi. Mimi nimepewa gari tu na majina."

"Uko wapi, mwanangu?"

"Tunapanda kuelekea Gilgil. Usijali, mzigo yako nashusha mimi mwenyewe."

Nerima aliinuka kigodani kwa furaha. Alimwambia pole kwa safari, akamuuliza kama amekula. Dereva alikuwa mtu wa maneno.

"Hapa imeandikwa Nerima. Si hilo ni jina la Wabukusu? Nyumbani ni wapi, mathe?"

"Kimilili."

"Kimilili naijua sana. Upande gani?"

"Barabara ya kwenda Kamusinga. Ukiuliza kwa marehemu Mwalimu Nicodemus, hata mtoto atakuonyesha."

"Haya. Nimeshika."

Nerima aliweka chai jikoni, ya watu wengi. Chai ilipoa, akaipasha, ikapoa. Malori yalipita barabarani yakielekea Salgaa, mbele ya Nakuru, yakikoroma, moja baada ya jingine, na moja kati ya hayo, kama alivyokuja kujua, lilikuwa na kitanda chake.

Asubuhi, jua limeshapanda, Kipkemoi alipiga tena.

"Mathe, tumefika kwako. Lakini kuna mzee hapa anasema wewe hujafika."

"Kwangu wapi? Mimi niko mlangoni, sioni lori."

"Hapa nyumbani. Kimilili. Si ulisema ni Kimilili?"

Nerima aliitoa simu sikioni, akaitazama. Hakuwa na wa kumlaumu. Alizaliwa Nakuru, katika nyumba za reli, baba yake akifanya kazi stesheni. Alisoma Nakuru, aliolewa Nakuru, na kwa miaka yote ya Voi alipofunga macho aliona Nakuru, mvua ikija kutoka upande wa Menengai. Lakini hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuulizwa nyumbani ni wapi akajibu Nakuru. Hapa mtu ana nyumba. Nyumbani ni kule anakokwenda Krismasi, na ambako atazikwa. Dereva aliuliza apeleke mzigo wapi. Yeye alisikia lile swali ambalo watu huulizana wakijuana majina, na ulimi ukajibu ulivyozoea.

"Mathe? Uko?"

"Nipe huyo mzee."

Mzee alikuwa Nyongesa, mdogo wake Nicodemus. Kama watu wengi wa rika lake huko, mdomo wake haukuwa na v. Kila v aliitamka f.

"Shemeji, fitu fimefika. Mfua ni kubwa lakini tumeingisha fyote kwa nyumba ya ndugu yangu. Tulijua tu siku moja utarudi. Bibi yangu ameshafagia."

Nerima hakuwa na moyo wa kumwambia lori lilipotea. "Asante, shemeji," alisema.

"Kuna mfuko mmoja ulipasuka tukishusha." Nyongesa alisita. "Ulikuwa na koti."

Nerima alishuka polepole ukutani mpaka akakaa sakafuni. Alingoja aambiwe kuhusu ile siku ya kugawa nguo. Alisikia mvua ya Kimilili ikipiga mabati ya nyumba ambayo Nicodemus aliijenga na hakuikalia.

"Nililifaa kwa sababu ya baridi," Nyongesa akasema, sauti imeshuka. "Sikuangalia. Ni likiwa mwilini ndio nilijua ni la nani. Wakati mlikuwa hapo Nakuru, nilikuja kuwatembelea nikashikwa na malaria, akanifunika nalo."

"Nakumbuka."

"Basi sijui nifanye nini, shemeji."

"Linakutosha?"

"Mabegani linabana. Mikono ni sawa."

Kipkemoi aliingilia kutoka pembeni. Alikuwa anaenda kushusha mizigo ya Kitale. Akipata mahindi ya kurudisha, angepitia hapo Kimilili, apakie vitu vya mathe, amshushie Nakuru. Alhamisi. Ama Jumamosi. Ama wiki ile nyingine, inategemea mahindi.

Nerima alimsikia kama mtu anayesikia redio ya jirani. Ile harufu aliyoifunga kwenye plastiki ilikuwa imekwisha. Sasa koti lilikuwa na mvua, na jasho la mtu mwingine, na moshi wa jikoni kwa mke wa Nyongesa. Hilo alilijua. Lakini tangu walipoondoka Nakuru, koti halikuwahi kusimama. Sasa lilikuwa limesimama mahali fulani, lina mikono ndani yake, linakwenda huku na huku kwenye ua likisogeza viti. Alitamani kuliona, kwa nyuma, likielekea langoni.

"Shemeji," alisema, "mwambie dereva aende, asiningoje. Nakuja leo leo. Na hilo koti usilivue."

"Sema tena, mfua inapiga."

"Usilivue."

"Haya, shemeji. Sitalifua."

Simu ikakatika. Nerima alibaki ameishika, hajui ameahidiwa kwamba koti halitavuliwa au kwamba halitafuliwa. Alivaa viatu. Yote mawili aliyataka.