Mtu wa Saa Uwanjani Akron

Verlin Hatcher alikuwa haamini mtu. Muuza nyama akipima, yeye anamwangalia kidole kama hakijalalia mizani. Mchungaji akisema tufumbe macho tuombe, Verlin anabakiza moja wazi kulinda sahani ya sadaka. Pale Akron, mji wa viwanda vya matairi, walimwita Mpelelezi, na jina lenyewe alilipenda.

Sababu alikuwa nayo. Zamani mji ulikuwa na timu ya besiboli, naye akaipenda kama mwanawe. Asubuhi moja akakuta uwanja una kufuli na timu iko jimbo jingine. Marekani ndivyo ilivyo: tajiri hununua nafasi kwenye ligi, na akichoka anahamisha timu kama mtu anayehamisha kabati. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi tajiri mmoja, Bwana Lindqvist, alipowaletea timu mpya kabisa ya soka, Verlin alinuna.

"Huyo hakai," alimwambia mkewe, Ardith. "Nyumba yenyewe amepanga."

Lakini saa ya uwanjani aliijua yeye. Miaka na miaka alikuwa akiiendesha kwenye mpira wao ule wa kubebwa mikononi: saa inarudi nyuma, ikifika sifuri anabonyeza honi, watu wanakwenda kwao. Kwa hiyo timu ikamchukua. Siku ya kwanza kocha Mskoti, Dugald Rennie, akampandia kibandani.

"Mzee, saa yako hiyo ni pambo tu. Muda anao refa mkononi."

"Mkononi? Uwanja mzima unaangalia saa ya ukutani, yeye ana ya kwake? Nani anaikagua?"

"Hakuna."

"Basi mnaibiwa."

"Honi usiiguse mpaka filimbi ilie. Umenisikia?"

"Nimesikia. Sijasema nimekubali."

Mwaka wa kwanza timu ilipigwa kama ngoma ya harusi. Mwaka wa pili ikaanza kushinda, na hapo Verlin akapatikana. Hakumwambia mtu, ila Ardith akitandika kitanda alikuta kofia ya timu chini ya godoro.

Ndipo Lindqvist akatamka gazetini: tukiingia mtoano timu inabaki, tusipoingia nawauzia watu wa Texas. Ikabaki mechi moja, ya lazima kushinda.

Siku hiyo Akron wakapata bao mapema, wakalilinda kwa meno. Saa ya Verlin ikashuka mpaka sifuri. Refa kimya. Mpira unaendelea, wageni wamejaa golini kama nzi kwenye kidonda.

"Mbona hapulizi?" Verlin akamuuliza Merle, mtangazaji, aliyekaa ubavuni pake.

"Anafidia muda. Si golikipa wetu aliumia, akalala vile?"

"Anafidia, au anasubiri wasawazishe? Huyu refa ni mtu wa wapi?"

"Sijui bwana. Texas labda," Merle akasema, akicheka.

Utani ule ndio uliomaliza. Verlin akaikandamiza honi kwa viganja viwili.

Sasa, mabeki wa Akron walikuwa vijana wa pale pale, wamekulia kwenye mpira ule wa kubebwa mikononi. Honi ikilia mchezo umekwisha, hilo liko damuni. Wakarusha mikono juu. Golikipa akavua glovu, akakimbia kukumbatia watu. Wageni, Wareno na Waskoti watupu, wanajua filimbi tu. Mreno mmoja akaingia na mpira golini taratibu, kama mtu anayeingia jikoni kwake.

Rennie alibishana mpaka sauti ikamkauka. Refa akajibu, "Filimbi yangu imelia? Haijalia." Bao. Na kwa kuwa kule sare hawaitaki, ikapigwa mikwaju, Akron wakakosa.

Lindqvist akauza. Malori yakabeba mpaka nyavu.

Rennie alikuja kuaga. "Watu wanasema umehongwa, mzee. Mimi nawakatalia. Mtu wa kuhongwa angekuwa na akili kidogo."

Hiyo ndiyo ilikuwa faraja yake pekee. Kinyozi akimwona, maongezi yanakatika. Muuza nyama naye: "Leo steki, Verlin? Mambo mazuri, eh?" Yeye aliyepeleleza mji mzima, sasa mji mzima ulikuwa unapeleleza mfuko wake. Akajitetea kwa huyu, akajitetea kwa yule, na kadiri alivyojitetea ndivyo walivyokonyezana.

Jioni moja alikuwa mezani, anakula maharage na mkate wa mahindi. Ardith akasogeza kiti karibu, akashusha sauti, ingawa nyumba ilikuwa yao wawili.

"Verlin, mimi mkeo. Niambie mimi tu."

"Nikuambie nini?"

"Wale wa Texas. Walikupa nini?"

Verlin akaangua kicheko. Kisha akamtazama. Ardith hakuwa anacheka. Alikuwa ameinama kidogo, anavikagua viatu vipya vya mumewe chini ya meza.