Vitumbua vya Kikatiti

Kila nikirudi nyumbani Nkoaranga, popote nitokako, Mama huniwekea vitumbua kwenye sahani ya bati na kunitazama nikila. Mimi ni mtu wa kutotulia. Kazi ya kufunga umeme wa jua imenifikisha Mpanda, Tunduru na Ukerewe, na kote huko nimekula vitumbua, kwa hiyo Mama huniona shahidi wa kuaminika. Vyake hununua siku ya soko huko chini Kikatiti, kwenye barabara ya Moshi, kwa binti mmoja anayekaa na beseni lake karibu na wauza nyanya.

"Vitamu," humwambia.

Yeye hukunja midomo. "Si vibaya. Vinakaribia."

Sina haja ya kuuliza vinakaribia nini. Vinakaribia vya jirani yetu wa Kaloleni.

Kabla Baba hajastaafu kazi ya kiwandani na kuturudisha kwenye migomba ya babu, tulipanga Kaloleni, Arusha mjini, katika nyumba yenye ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku. Ukuta kati yetu na jirani ulikuwa mwembamba kiasi kwamba Baba akipiga chafya huku, kule anapewa pole. Jirani alikuwa mtu wa Tanga, hodari wa kusali na hodari zaidi wa kuongea. Alimwita mama yangu "mtu wa ndizi", naye Mama akamwita "mtu wa nazi". Chai yake ikiwa tayari aligonga ukuta kwa mwiko. Mama akigonga naye, ujue anakuja, na huenda anakuja na watoto wote.

Idi, sinia la pilau lilivuka ukumbi kuja kwetu. Krismasi, Baba alimpelekea mume wa jirani kuku awachinje yeye, ili wote tule sufuria moja. Sisi watoto tulihesabu sikukuu zote kuwa zetu na tukashangaa kusikia kwamba kuna watu wana nusu tu.

Mdogo wangu wa kike alizaliwa kwenye chumba kile, mchana wa mvua ya masika, Baba akiwa bado anahangaika barabarani kutafuta gari. Jirani ndiye aliyempokea. Baba aliporudi na gari, mtoto alikuwa ameshafungwa kanga na amelala.

Mwaka huu mtoto huyo, ambaye sasa ni mwalimu na anaishi Sekei, alikuwa anaolewa. Kadi zilishagawiwa, ikabaki moja ambayo Mama aliificha chini ya kitambaa cha meza.

"Hii ni ya jirani," alisema. "Aliyempokea mwanangu asipokaa meza ya mbele, na mimi sikai. Wewe unayejua njia zote za Tanzania, nipeleke Kaloleni."

Nikachukua kalamu. "Niandike nani?"

Akataja lile la "Mama Fulani" tulilomwita wote.

"Hilo ni jina la mwanawe wa kwanza, Mama. Lake mwenyewe?"

Mama akatazama dari. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. "Baba wee, simjui jina! Tumekaa miaka yote ile, simjui jina!"

Basi tukaenda na kadi isiyo na jina. Mama alikuwa na uhakika na njia, maana mlango wetu ulitazama mlima. Lakini Kaloleni imeota maghorofa, akawa anasimama kila kona kuutafuta Meru katikati ya majengo kama mtu anayemtafuta mwenzake sokoni. Alipouona, akahesabu mitaa kwa kidole, tukafika. Mahali pa nyumba yetu palikuwa na duka la vipuri vya pikipiki.

Kijana wa dukani alitusikiliza vizuri. "Mama nani?" Tukamtajia. "Yupi sasa? Yuko wa kwa fundi cherehani, yuko wa msikitini, na yule mnene wa kona."

"Wetu alikuwa mwembamba," Mama akasema.

"Hiyo ni zamani, mama yangu. Kaanzeni kwa mnene."

Shida ilikuwa jina la mtoto. Enzi zile nusu ya wavulana wa Kaloleni walikuwa nalo. Mnene wa kona hakuwa yeye, ila alitupa chai. Wa kwa fundi cherehani alikuwa mdogo kuliko mimi, naye akatupa chai. Kwa yule wa msikitini, bibi mmoja mwenye miwani, Mama alikunywa chai kwa adabu tu, na niliona uso wake umeanza kushuka. Akaeleza kwa mara ya tatu habari za mtu wa Tanga, za nazi, za mwiko.

Bibi akaweka kikombe chini. "Yule wa kugonga kuta? Alikuwa shoga yangu huyo! Alihama, wanawe wamemjengea."

"Wapi?" Mama alikuwa ameshasimama.

"Huko njia ya Moshi. Kikatiti."

Mama akakaa tena. "Kikatiti ipi?"

"Kwani ziko ngapi?"

Njia nzima ya kurudi, kila baada ya muda Mama alijipiga goti na kucheka peke yake. Alikwenda kutafuta mjini mtu anayekaa chini ya shamba lake.

Kikatiti nako hakuna aliyemjua kwa jina tulilolileta. Huko alikuwa ameshaanza kuitwa kwa jina la mjukuu. Lakini tulipotaja vitumbua, kila mtu alinyoosha mkono upande mmoja. Nje ya geti alikaa yule binti wa sokoni, akiosha beseni lake. Alituamkia, "Shikamooni," akashangaa kumwona mteja wake hapo siku isiyo ya soko.

Nilitaka kupiga hodi. Mama akanizuia. Akaokota mwiko kwenye ndoo ya binti, akaenda kwenye ukuta wa nyumba, akagonga.

Kitu kikagonga kutoka upande wa pili, na sauti ikapaa: "Mtu wa ndizi! Wallahi ni mtu wa ndizi!"

Waliposhikana sikuona mwanzo wa mmoja wala mwisho wa mwingine, kanga tu. Nami nikatoa shikamoo yangu.

"Marahaba. Ndiye yule aliyekuwa akinikojolea mkeka?"

"Ndiye," Mama akasema, bila kunionea huruma.

Vitumbua vililetwa. Mama akauma, akatazama beseni, akamtazama binti, na mimi nikaropoka: "Mama husema hivi vinakaribia vyako."

"Vinakaribia?" Jirani akashika kiuno. "Unakula vyangu kila soko, halafu unasema vinakaribia?"

"Ningejuaje? Nyuma ya beseni hukai wewe!"

Kadi ikatolewa. Jirani akasikia ni harusi ya nani, akafuta macho kwa ncha ya kanga, akataja jina lake. Mama akalijaribu mdomoni, likamshinda.

"Na wewe je, unaitwa nani?" jirani akauliza. "Maana hata mimi sijui."

Mama akataja lake. Wakaitana hivyo mara moja, wakatazamana, wakaanguka kwa kicheko.

"Andika Mtu wa Nazi," Mama akaniambia.

"Mlangoni wakimkatalia?"

"Wamkatalie waone."

Nikaandika. Tulipoondoka, jirani alimfungia Mama vitumbua vya moto kwenye gazeti, akamshikilia mkono kabla hajakiachia kifurushi.

"Ukifika huko juu, usiseme tena vinakaribia," alisema. "Sema vimefika."