Kiti cha Kushoto kwa Lorna

Siku niliyomwona Lorna Pickett mara ya kwanza nilikuwa juu ya ngazi, nabadilisha balbu juu ya ubao wa dau katika kasino ndogo ninayofanyia kazi hapa Sparks, Nevada. Yeye alikuwa ametoka Elko asubuhi ile kuja kuanza kazi ya dirishani, pale watu wanapowekea madau, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Akasimama chini yangu, akaitazama ngazi inavyotikisika.

"Kaka, kama utaanguka au hutaanguka, hilo ni dau la watoto," alisema. "Mimi nataka kujua utaangukia bega gani."

Wenzake wa dirishani walicheka, naye akacheka. Nikashuka kabla sijamaliza kazi, masikio yanawaka. Lakini hapo ndipo nilipoelewa dau la pembeni ni nini. Huulizi nani atashinda mechi. Unachukua jambo moja ndani ya mechi, hilo hilo tu, na kulibetia.

Kila mwisho wa Januari, karatasi za fainali ya mpira wa Kimarekani zilipofika, kurasa ishirini za madau ya namna hiyo, Lorna alikaa mkahawani Alhamisi asubuhi na watu ambao hawajawahi kubeti. Aliwafundisha kwa pakiti za sukari, kila pakiti yadi kumi.

"Mkimbiaji huyu, anayekimbia na mpira, nyumba, yaani kasino, inampa yadi sitini na nne na nusu. Wewe sema zaidi au pungufu. Hiyo nusu ya nini? Ili tusije tukatoka sare tukabaki kutazamana. Na ukitaka kushinda dola mia, weka mia na kumi. Hiyo kumi ndiyo inanunua balbu za Dewey."

Wote walikuwa wakinigeukia, nami nikitazama ndani ya kikombe changu.

Kwa miaka tisa sikukosa darasa hilo, ingawa sikuwa na jipya la kujifunza. Nilikaa kiti cha kushoto kwake, upande wa dirisha. Nilikuwa na jambo langu. Nilitaka kumwalika twende Reno tukale kwa Wabaski, mkahawa wa wale wachungaji waliotoka milima ya Uhispania, kwenye ile meza ndefu ambako watu wasiojuana wanapitishiana bakuli la nyama ya kondoo. Kila mwaka nilijiambia nitamwalika baada ya fainali. Fainali ikipita, nilijiambia mwakani.

Mwaka wa tisa akaja Roscoe Tillery, mgane kutoka Fallon, zamani dereva wa lori, sasa mkulima wa matikiti. Alikaa kwenye kiti changu kabla sijafika. Nikakaa mwisho wa meza, karibu na mlango wa jikoni.

"Haya mwalimu," alisema, "timu yangu ikishinda unanilipa ngapi?"

"Nimekuuliza habari za timu yako? Nimekuuliza mkimbiaji."

"Sasa akikimbia vizuri halafu tukafungwa?"

"Utalia huku unahesabu hela."

Roscoe alipiga meza, sukari ikamwagika. Lorna naye akacheka, kicheko kile kile nilichodhani ni cha ngazi yangu peke yake. Asubuhi ile alimgusa Roscoe mkono mara nne. Mimi, kwa miaka yote tisa, alinigusa mara mbili, na moja kati ya hizo alikuwa ananitoa buibui begani.

Jumamosi Roscoe alinikuta nikishona zulia la korido.

"Rafiki, Lorna ananiambia wewe ndiye mkongwe hapa. Nataka kuweka mia mbili kwa yule mkimbiaji, zaidi ya yadi zake. Unaonaje? Maana nataka kumpeleka Lorna kwa Wabaski, na nikiipoteza hiyo mia mbili sitakuwa na hela wala uso wa kumwalika."

Asubuhi ile ile redio yangu kwenye chumba cha boila ilikuwa imetangaza kwamba mkimbiaji huyo amevimba kifundo cha mguu na huenda asicheze.

"Ni mzuri huyo," nikasema. "Weka."

Akanishukuru, akanipiga bega. Nikarudi kwenye sindano yangu, na nitasema kweli, nilishona nikipiga mluzi.

Jumapili mkimbiaji alisimama kando ya uwanja mechi nzima, amevaa koti, mikono mfukoni. Kila kamera ilipomwonyesha, roho yangu ilipoa. Mechi ilipokwisha Roscoe alikwenda dirishani kama mtu anayekwenda kuaga maiti. Nikasogea na ndoo yangu nipate kuona vizuri.

Lorna alichukua tiketi, akamhesabia noti mbili za mia.

"Za nini hizi?" Roscoe akauliza. "Hakukimbia hata yadi moja!"

"Ndiyo sababu. Angekanyaga uwanja hata mara moja, ungeliwa. Hakukanyaga, dau limekufa, hela yako hiyo. Si nilisema Alhamisi? Kila mwaka nasema."

Kweli alisema kila mwaka, mwisho kabisa, akirudisha pakiti za sukari kwenye kikombe. Wakati huo mimi nilikuwa natazama vidole vyake.

"Basi hii si hela tena," alisema Roscoe, "hii ni kondoo. Twende kwa Wabaski, mwalimu. Na tumchukue Dewey, ndiye aliyenishauri."

Lorna alinitazama.

"Wewe ndiye ulimshauri? Si kila siku una redio huko kwenye boila?"

"Imeharibika," nikasema.

Hakuuliza tena. Walikwenda wawili.

Mwezi wa sita aliacha kazi kuhamia Fallon kwa Roscoe. Siku ya mwisho nilimbebea boksi lake mpaka kwenye gari. Ndani yake kulikuwa na kikombe, kalamu na sweta la baridi ya dirishani. Nililiweka nyuma ya gari polepole zaidi kuliko ilivyohitajika.

"Bi Lorna," nikasema, nikiliangalia boksi, "kama ningekualika mimi, ule mwaka wa kwanza?"

Alichezea funguo.

"Redio haikuwa mbovu, au vipi?"

"Haikuwa."

Akafunga mlango wa nyuma. Hakuonekana kukasirika, na hilo ndilo liliniuma.

"Mchezaji asipoingia, sisi tunarudisha hela tu, Dewey. Hatukai kuhesabu angekimbia yadi ngapi."