Siku Nilipomlisha Roboti Bamia

Chekeni tu, jamani, maana Arua nzima imeshanicheka, lakini mkimaliza mniambie kosa lilikuwa la nani.

Mama yangu amelazwa hapa hospitalini kwa ugonjwa wa kusahau, nimetoka naye Koboko, mimi ndiye ninayemuuguza, na siku nyingine ananijua, siku nyingine mimi ni marehemu dada yake (siku hizo nagombezwa kwa makosa ya kabla sijazaliwa). Basi wakaja watu wa mradi wa roboti za kuliwaza wagonjwa, vitambulisho shingoni, wakamketisha roboti kitandani, kimo cha mtoto wa miaka mitatu, macho ya taa, mdomo unaofunguka akiongea, na bwana wao mkubwa akainama: "Mama, tumekuletea mgeni!"

Mgeni! Bibi wa Kinubi umwambie ameletewa mgeni, halafu umpe yeye chakula kwanza? Mama akasukuma sahani. "Mugeni hajakula. Mimi nakula namna gani?" Nikadhani utani. Siku tatu sahani inarudi kama ilivyokuja, na yule bwana kila asubuhi anaandika kwenye tableti yake "mgonjwa anafurahi", hata mara moja hakuuliza huyo anayefurahi amekula nini! Daktari akaniambia asipokula leo, kesho anawekewa mpira wa kulishia puani. Nikachemka.

Mchana ule nikachota kijiko kimoja cha bamia (kimoja, wallahi) nikamtilia roboti mdomoni. Mama uso ukang'aa, akamwambia, "Sema Bismillahi kwanza," roboti akajibu, "Sijakuelewa, tafadhali rudia," mama akatosheka, akala. Sasa namwona mama anatafuna baada ya siku tatu, ningeacha? Kijiko cha roboti, kijiko cha mama, kijiko cha roboti, mpaka nusu bakuli, na hapo hapo mlango ukafunguka, wakaingia wakubwa wa mradi na kamera zao, yule bwana mbele: "Roboti, wasalimie!"

Roboti akafungua mdomo, bamia ikateremka kidevuni na ute wake wote, sauti ikawa nzito, "Ha... ba...", pakanuka waya unaoungua. "Anakwama! Mugeni anakwama!" mama akapiga kelele, akampiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, kichwa kikachomoka, kikabingirika mpaka kwenye viatu vya bwana mkubwa. Na mimi nimesimama, kijiko mkononi.

"Nani alikwambia mashine inakula?" akafoka.

"Na nani alimwambia mama yangu kwamba hiyo ni mashine?" nikamjibu, kwa sauti iliyofika wodi ya wazazi. "Si wewe uliyesema mgeni?"

Wakambeba roboti wao ndani ya taulo langu (hawajalirudisha mpaka leo). Wodi nzima inacheka, mimi machozi yananitoka kwa hasira na aibu. Mama akawapungia mkono, kisha akanigeukia, akanitazama kwa upole.

"Na wewe, mugeni, umekula?"

Mgeni. Mimi niliyetoka tumboni mwake. Iliniuma, siwafichi. Lakini ndipo nikakumbuka kwamba siku zote zile nilikuwa nasimama juu yake na kijiko, sijawahi kula hata tonge moja mbele yake.

"Bado, mama," nikasema. Nikaketi, nikala, naye akamaliza bakuli.

Mpira hawakumwekea. Nami nimeapa, sisimami tena mbele ya mama yangu na kijiko: nanawa, naketi pale kitandani, mgeni wake, naanza mimi.