Kila meeting nilipewa maombi tu, na mimi nilikuwa nataka branch

Wakuu, chamgei. Na kwa wale hawaijui hiyo salamu, habari zenu tu.

Mimi huwa msomaji hapa. Nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, naenda zangu. Leo nimeamua kuandika yangu, na chumvi sitaongeza. Majina nimebadilisha, benki sitaitaja, na ukijua ni nani, tafadhali nyamaza.

Nilianzia counter kule Kericho nikapanda mpaka credit officer. Huyo ni yule mtu anakuja kuangalia shamba na ng'ombe zako kabla upewe loan. Kazi naijua, bana. Nimezunguka mashamba ya chai na gumboots miguuni, viatu vya ofisi kwa handbag. Na mvua ya Kericho mnaijua, mchana ikitaka kuja haipigi hodi.

Kwa hivyo shida yangu haikuwa kazi. Ilikuwa mdomo.

Niwaeleze. Kwetu hakuna meeting inaanza bila maombi. Na anayeomba ni mwanamke, sijui nani alipitisha hiyo sheria. Meneja akishaketi tu, "Madam Chelangat, tufungulie."

Nami nafungua. Babangu alikuwa mzee wa kanisa, mimi nimekulia kwaya, maombi hayanitishi. Naomba mpaka wateja huko nje wanasema amina.

Halafu naketi, na hapo ndio mwisho wangu.

Wanaume wanaongea, mimi naandika. Nikiwa na wazo naanza, "Sorry, labda nimekosea, lakini..." Kabla nimalize hiyo lakini, mtu ameshaingilia. Baadaye kidogo mwingine anasema kitu ile ile yangu, na wanamwambia good point. Wadada wa ofisi mnaijua hiyo uchungu.

Sasa ikafunguliwa branch ndogo Kabianga, karibu na chuo. Kila mtu alisema hiyo ni yangu. Nami nikangoja. Nikafanya kazi ya watu wawili ili wakubwa waone wenyewe.

Wakampatia Kiprono.

Kiprono ni mimi nilimfundisha kazi alipoingia. Ni kijana mzuri, sina ugomvi naye. Lakini siku hiyo nilimpongeza meno nje, roho imekufa.

Baadaye regional manager wetu, nimwite Bwana Bett, akapita kwa branch. Nikajikaza nikamuuliza kwa corridor, kwa adabu zote, nilikosea wapi.

Alinishangaa kweli. "Madam, kwani ulikuwa unaitaka?"

"Ndio, sir."

"Na mbona hukusema? Kiprono alinifuata mpaka kwa harusi ya msichana wangu akaniambia anaitaka."

Wueh.

Nilienda choo nikalia, nikaosha uso, nikarudi kwa meza. Na sikulia juu ya Kiprono. Nililia kwa sababu huyo mzee alikuwa anasema ukweli.

Basi nikaanza kutafuta mentor, vile tunaambiwa siku hizi. Niliandikia mama mmoja mkubwa wa Nairobi email ndefu kama barua ya posa. Alijibu vizuri, akanitakia kila la heri, ikaishia hapo. Nikaingia group moja ya WhatsApp ya mentorship. Kila asubuhi ni picha ya jua linachomoza na maneno ya kutia moyo. Hakuna mtu alijua hata jina langu.

Mentor wangu nilimpata Londiani, na tulianza vibaya.

Tulikuwa na mkutano wa wateja huko. Kama kawaida nikaitwa kuomba, nikaomba. Katikati ya mkutano meneja wangu akaniuliza kitu kuhusu loan za wafugaji, kitu naijua nikiwa usingizini, nikajibu huku najikunja kama mtu amevunja sahani ya mwenyewe.

Wakati wa chakula mama mmoja akaja na sahani yake akaketi karibu nami. Kofia ya wool, gumboots na matope. Anaitwa Mama Njoki. Watu wao walitoka Central kitambo, yeye amezaliwa hapo Londiani, na Kipsigis, lugha yetu, anaongea karibu anishinde. Alikuwa meneja wa benki ingine miaka mingi, akastaafu, sasa ni ng'ombe wa maziwa na viazi.

"Ni wewe uliomba asubuhi?"

"Ndio, mama."

"Hiyo sauti ilienda wapi?"

Nikajifanya natafuta chumvi.

"Nimekuangalia. Mungu umemwambia kila kitu wima, hujamwambia sorry hata moja. Meneja wako amekuuliza swali rahisi, sorry zimejaa nyumba. Kwani huyo kijana ni mkubwa kuliko Mungu?"

Nilikasirika, wakuu. Mtu anakula chakula chetu halafu ananivua nguo mbele ya viazi! Lakini kufika Kericho hasira ilikuwa imeisha. Swali ndio lilibaki.

Nikatafuta namba yake nikampigia. Nikamwambia naomba awe mentor wangu.

"Mimi sina kazi kama hiyo," akasema. "Mimi niko na ng'ombe. Kuja Jumamosi. Beba gumboots."

Ndio nikawa mtu wa Londiani karibu kila Jumamosi. Hakuna powerpoint. Yeye anakamua, mimi namweleza wiki yangu ilivyokuwa. Ananikata katikati: "Hapo ulisema nini? Hapana, maneno yenyewe, nipe vile uliyasema." Na kila nikisema sorry bila kosa, napelekwa store kuchambua viazi.

Nilichambua viazi, jamani. Mwezi wa kwanza vidole vilinuka udongo mpaka ofisini.

Ananicheka vile nasema "penki". Mimi namcheka vile anasema "Rondiani". Tukawa tumezoeana hivyo.

Halafu ikatangazwa kwamba benki inafungua Sigor, kule Chepalungu, na inatafuta meneja.

Mama Njoki hakunipa hotuba. Aliniuliza tu, "Bett anajua?"

Nikatoka nje ya boma nikampigia Bett hapo hapo. "Bwana Bett, ni Chelangat. Branch ya Sigor naitaka. Naapply leo, nilitaka usikie kutoka kwangu."

Akasema, "Sawa, madam. Nimesikia."

Hayo tu, na hakuna aliyekufa. Miaka yote nilikuwa naogopa simu fupi kama hiyo.

Sasa wakasema kila anayetaka aje mbele ya panel aeleze mpango wake. Hapo mdomo ukarudi vile ulikuwa. Jumamosi ya mwisho nilisimama mbele ya Mama Njoki kwa zizi na karatasi zangu, nikaanza, nikakwama. Nikaanza tena, nikakwama. Nikamwambia mama, mimi siendi, wacha wapatie mtu mwingine.

Akachukua karatasi akaziweka kando. "Funga macho. Iombee hiyo branch."

"Mama, huu si wakati..."

"Omba."

Nikafunga macho. Nikaanza polepole, halafu ikanishika. Baba, watu wa Sigor wanapoteza siku nzima kwenda Bomet juu ya benki. Baba, sisi wa Kericho tunadhani kila mtu ana chai. Huko ni mahindi na ng'ombe, na tukienda na loan za chai tutaaibika. Baba, kuna mama anaamka kukamua kila siku na hapati mkopo kwa sababu title ya shamba iko na jina la mzee. Lakini maziwa anapeleka yeye, na pesa ya maziwa inaonekana kila mwezi. Tufungue macho tumkopeshe kwa hayo maziwa.

Niliomba mpaka machozi. Kufungua macho, Mama Njoki alikuwa ameshika simu, alikuwa ananirekodi.

"Toa Baba huko mwanzo, toa Amina huko mwisho," akasema. "Zingine zote peleka kwa panel."

Sasa wale wa kunirukia eti nachezea maombi, tulieni. Hata pastor wangu nimemwambia na amecheka kuliko mimi.

Siku ikafika. Panel ilikuwa Bwana Bett, mzee mwingine wa risk, yule wa kupima hatari ya mikopo, na mama wa HR kutoka Nairobi. Nikaketi. Bett, kwa mazoea tu, akasema, "Madam, kabla tuanze, tuongoze kwa maombi."

Nikasema, "Sir, leo utuombee wewe. Mimi niko na mengi ya kusema baadaye."

Mama wa HR aliinamisha kichwa mapema, nadhani alikuwa anaficha kicheko. Bett akaomba. Aliomba kama mtu anasoma meter ya stima, lakini aliomba.

Halafu nikasimama nikasema yote. Siku ya Bomet, mahindi, ng'ombe, mama wa maziwa. Sikutazama karatasi. Mzee wa risk akanibana kwa hiyo ya maziwa, ng'ombe akifa je? Nikamjibu habari ya insurance, na vile mikopo itaanza midogo. Akauliza tena, nikajibu tena. Nilikuwa nafurahia, mnaweza kuamini?

Mwisho Bett akaegemea kiti. "Umeongea vizuri. Lakini Sigor ni mbali na uko na watoto wadogo. Mzee wa nyumba anasemaje?"

Yule Chelangat wa zamani angesema, "Sorry sir, tutaona vile tutafanya."

Mimi nikasema, "Mume wangu hakuapply, sir. Niliapply mimi. Kiprono ako na watoto watatu, alipoenda Kabianga bibi yake aliulizwa?"

Chumba kikanyamaza. Nikajua nimejimaliza. Lakini sikuongeza neno, na hapo ndipo niliona viazi vilifanya kazi, maana zamani ningejaza hiyo kimya na kuomba msamaha.

Bett akakuna kichwa. Akasema, "Hapana. Hakuulizwa." Akafunga file.

Nilingoja majibu siku kadhaa. Halafu akapiga simu mwenyewe, si HR. "Madam meneja," akasema, "utahamia lini Sigor?"

Nilipiga nduru mpaka jirani akakuja akidhani ni nyoka.

Mama Njoki nilipomwambia, alisema "kongoi", yaani asante, mara moja, akaniuliza kama huko Sigor wanakula viazi.

Nilichojifunza ni hivi. Confidence sikuinunua kwa seminar. Nilikuwa nayo, nilikuwa naitumia mahali pamoja tu. Na mentor si lazima awe mkubwa wa head office. Tafuta mtu anaijua kazi, anakupenda vya kutosha kukuambia ukweli, na hana haja na sifa zako. Wanaume pia, jamani. Kiprono huyo huyo ndiye alinionyesha vile ya kufungua branch mpya, kila kitu, bila kiburi. Kumbe ningemuuliza kitambo.

Wiki iliyopita Chebet, msichana wangu wa counter hapa Sigor, alibisha ofisini. Hakungoja nimwambie aketi. Alivuta kiti, akanitazama kwa macho.

"Madam, siku moja nataka hii kazi yako. Nimeona nikuambie mapema."

Siwadanganyi, kwanza nilishtuka. Kiti chenyewe sijakizoea na kuna mtu ameshakitaka! Halafu nikamwambia afunge mlango, tuanze.

Na wewe unayesoma, kuna kitu unaitaka na hakuna mtu umeshawahi kumwambia? Kiandike hapa chini. Tutakuwa tumesikia.