Delbert Afika Korongo Kuu

Delbert Hruska, jirani yetu hapa Nebraska, aliendesha lori tangu ujana wake mpaka magoti yalipomshinda. Alifika Boston, Miami, hata Seattle, lakini ukimuuliza miji hiyo ikoje, anakujibu kuhusu maegesho. Chicago ina mageti membamba. Denver ina kahawa mbovu. Basi.

Alipostaafu, mkewe Arlene akamwambia, "Umebeba mizigo ya watu miaka yote. Sasa nibebe mimi. Nataka kuliona lile Korongo Kuu la Arizona."

"Nimepita karibu na pale mara nyingi."

"Ukashuka?"

"Nishuke kufanya nini? Sikuwa na mzigo wa pale."

Wakaenda. Delbert akasimama ukingoni, mikono mfukoni, akiitazama miamba myekundu ikishuka hadi chini kabisa, kwenye mto mwembamba kama uzi.

"Haya mzee, sema basi," Arlene akamchokoza.

"Hapa lori haligeuki."

Arlene akacheka mpaka watu wakawatazama. Halafu akaona mumewe anajifuta macho kwa kofia. Baridi ilipoanza akamwita warudi garini, Delbert akakataa. Ikabidi Arlene alete blanketi, wakakaa.